Ushuru wa Asilimia 35 na Mwagizaji Mdogo wa Kibuye

Si insafu, kwa rai yangu, kumhesabu mfanyabiashara wa soko la Kibuye, mjini Kisumu, aagizaye marobota machache ya nguo mpya kutoka Guangzhou ndani ya kontena la kushirikiana, sawasawa na tajiri mwenye maghala. Tangu tarehe 1 Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoweka daraja la asilimia 35 juu ya lile la 25, nguo zimo humo. Na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe, shehena ya shilingi 100,000 hadi Mombasa hudaiwa 56,600, mbali na ada ya tamko la forodha na tozo ya reli, reli ambayo mwaka 2019 ilifika Naivasha ikasita, Kisumu ikabaki na njia yake ya 1901.

Naye muuzaji wa ng'ambo, akiisha kupokea arubuni, hutaka salio kabla ya kupakia, na akiombwa hisani huahidi ankara ya bei pungufu, hila ambayo afisa wa forodha aweza kuibatilisha kwa kukadiria thamani mwenyewe, adhabu ikamwangukia mwagizaji peke yake.

Basi Hazina na iamuru kwamba shehena iliyopakiwa kabla ya tangazo la kiwango kipya itozwe kwa kiwango cha zamani, kwani bahari haingoji bajeti ya Juni. Na waagizaji wa Kibuye waagize kwa umoja, wakishurutisha katika mkataba kwamba nyongeza ya ushuru igawanywe nusu kwa nusu, sharti ambalo muuzaji hulikataa kwa mmoja, lakini kwa ishirini hulifikiri.