Kasi Haihalalishi Uandishi Mbovu

Mhakiki aliyeandika kwamba sisi wasomaji wa riwaya za upelelezi hatuna haki ya kudai uandishi mzuri, eti tunachotaka ni mbio na milio ya risasi tu, ametuvunjia heshima. Kitabu anachokitetea nimekisoma mpaka mwisho. Sura ya tatu, mpelelezi anapigwa risasi ya bega la kulia; sura ya tano anaparamia ukuta kwa mkono uleule, bila bandeji, bila maumivu, bila neno la kueleza. Na muuaji? Mtu ambaye hatukuwahi kumwona, anaibuka kurasa za mwisho na kukiri mwenyewe. Dalili zote tulizozikusanya zimekuwa kazi bure. Huko ni kumdhulumu msomaji.

Tusiambiwe ndivyo utanzu huu ulivyo. Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na Kiswahili chake cha Unguja kingali kinasomwa kwa raha hata na asiyejali nani kaua. Yeye alituheshimu. Mhariri wa kitabu anachokitetea mhakiki alikuwa wapi? Bega lile lilihitaji sentensi mbili tu.