Mama Mongella na Ziwa Letu

Ninamheshimu sana Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake, Beijing, mwaka 1995. Kati ya mambo 12 yaliyopitishwa kule, mojawapo ni afya ya mwanamke, na jingine ni mazingira. Kwetu kandokando ya ziwa, hayo mawili ni jambo moja. Tunapochota maji na kufua twapata kichocho. Mayai yake huweza kukaa hata kwenye shingo ya kizazi, yakaleta uchafu na damu. Mama hushukiwa uzinzi, kumbe anaumwa! Dada, usifiche kwa aibu. Dawa ipo, nenda hospitali, umweleze na mumeo. Nasi sote tujenge vyoo, ziwa lisichafuliwe.