Kunyimwa Kibali cha Uwanja wa Wazi: Rufaa Huanzia Kwenye Barua

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa kwenye makutano ya barabara kuu ziendazo Arusha, Dodoma na Singida. Nafasi hiyo huufanya kuwa mahali pa kukutania. Oktoba 14, 2023, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa ulipokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru. Mbali na shughuli kubwa za kitaifa, viwanja vya wazi vya mji kama huu hutafutwa na vikundi vya wajasiriamali, madhehebu ya dini, vyama vya siasa, wasanii na wanamichezo. Kila mmoja hutaka siku yake, na mara nyingine wawili hutaka siku moja.

Hapo ndipo kibali kinapohitajika, na hapo ndipo baadhi ya maombi yanapokataliwa. Swali linalobaki ni hili: mwananchi asiyeridhika na uamuzi wa halmashauri aende wapi, na kwa muda gani?

Msingi wa jibu umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(a) inaeleza kuwa haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Halmashauri ya mji inapoamua ombi la kibali, nayo ni chombo cha namna hiyo. Rufaa, kwa hiyo, ni sehemu ya utaratibu wa kawaida wa utawala, na ofisa aliyetoa uamuzi hana sababu ya kuiona kama ukaidi.

Hatua ya kwanza ni kutambua ni nani hasa aliyekataa, kwa kuwa shughuli moja inaweza kugusa mamlaka zaidi ya moja. Matumizi ya eneo la halmashauri husimamiwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, pamoja na sheria ndogo zilizotungwa chini yake. Mkusanyiko wa hadhara huangukia pia Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura 322, ambayo kifungu chake cha 43 kinamtaka mwandaaji kutoa taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo husika angalau saa 48 kabla. Vipaza sauti navyo vina Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Malalamiko yakipelekwa kwa mamlaka isiyohusika, muda hupotea bure.

Tofauti kati ya taarifa na kibali ina historia. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu mjini Dodoma chini ya Jaji Kahwa Lugakingira iliamua kuwa sharti la kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara lilikiuka Katiba. Sheria ikarekebishwa, na sharti la kibali likawa sharti la kutoa taarifa. Polisi bado wanaweza kuzuia mkusanyiko kwa sababu za usalama, lakini aliyezuiwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana. Hata hivyo, hukumu hiyo haikumpa mtu yeyote haki ya kukalia eneo la umma bila ridhaa ya anayelisimamia. Mwandaaji aliyekwisha kutoa taarifa polisi bado anawajibika kwa halmashauri kuhusu uwanja wenyewe.

Kwa uamuzi wa halmashauri, kila kitu hutegemea maandishi. Jibu la mdomo la kwamba uwanja umejaa halina tarehe, halina sababu, wala halina sahihi ya mtu wa kuwajibika. Mwombaji anapaswa kuwasilisha barua, kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, na kuomba uamuzi wa maandishi wenye sababu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazipa taasisi siku 30 kujibu maombi ya taarifa, na kumbukumbu za uamuzi wa ombi la mtu mwenyewe ni jambo la haki kuliulizia.

Barua ikipatikana, ngazi za utawala hufuata. Mwombaji huanza kwa kumwandikia Mkurugenzi wa Mji aupitie upya uamuzi, huku akijibu sababu zilizotolewa moja baada ya nyingine. Diwani wa kata anaweza kulifikisha suala katika vikao vya Baraza la Madiwani. Juu yake ipo Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, kisha Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Pale panapohisiwa upendeleo au ukiukwaji wa utawala bora, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko.

Mahakama ni ngazi ya mwisho. Maombi ya mapitio ya kimahakama hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo sasa ina masjala ndogo ya Manyara mjini Babati. Kanuni za mwaka 2014 zinamtaka mwombaji aombe kwanza ruhusa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na akiipata, awasilishe maombi yenyewe ndani ya siku 14. Mahakama haigawi viwanja. Huangalia kama halmashauri ilikuwa na mamlaka, kama ilimsikiliza mhusika na kama ilifuata sheria, kisha inaweza kuutengua uamuzi au kuamuru ombi lisikilizwe upya. Mwombaji aonyeshe kuwa uamuzi unamgusa na kwamba amekwisha kutumia njia za rufaa zilizokuwepo.

Njia hiyo iko wazi pia kwa majirani wanaoumizwa na matumizi ya eneo. Katika shauri la mwaka 1991, wakazi wa Kunduchi Mtongani walipinga uamuzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kumwaga taka katika eneo ambalo mpango mkuu wa jiji uliliainisha kuwa la makazi. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Nchini Kenya mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jengo refu ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mahakama ilitupa shauri lake ikisema hakuwa na haki ya kulifungua, lakini mradi uliachwa baada ya wafadhili kujiondoa, na bustani ikabaki.

Ugumu mkubwa uliobaki ni kalenda. Miezi sita ni muda wa kutosha kwa mwanasheria, lakini ni kipindi kirefu mno kwa kikundi kilichopanga maonesho ya Jumamosi ijayo. Kikijibiwa Ijumaa jioni, rufaa yake inaweza kushinda na bado isiwe na faida, kwa sababu siku imepita na gharama zimeingia. Kibali kinachokataliwa kwa kuchelewa hunyima mambo mawili kwa pamoja: uwanja na rufaa.

Kwa sababu hiyo wajibu uko pande mbili. Waandaaji waombe wiki kadhaa kabla na wataje tarehe mbadala. Nao watendaji wa halmashauri wajibu mapema, waandike sababu, na wamweleze mwombaji ngazi inayofuata. Sababu iliyoandikwa vizuri humlinda hata ofisa aliyeitoa, kwani mara nyingi mwananchi anayeelewa kwa nini amekataliwa hubadili tarehe na kurudi kuomba tena.