Nusu ya Kujitegemea

Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke, kwa kuwa "yeye" ni wote wawili, na mtoto huitwa mtoto kabla ya kuulizwa jinsia yake. Hata hivyo mvulana anayelia huambiwa ajikaze kiume, na katika ndoa mwanamume huoa ilhali mwanamke huolewa. Ndani ya semi kama hizi hukaa mitazamo mgando ya kijinsia, yaani imani zilizoganda kwamba kila jinsia huzaliwa na tabia zake na kazi zake.

Katika malezi, mitazamo hiyo humgawia kila mtoto nusu tu ya kujitegemea. Msichana hufundishwa kuteka maji, kupika, kufua na kulea wadogo zake, lakini haachiwi fedha mkononi wala hashirikishwi mazao ya nyumbani yanapouzwa. Mvulana huachiwa uhuru wa kutoka na kuamua, huku nguo zake zikifuliwa na dada yake. Kijana huyo anapopanga geto, yaani chumba cha kuanzia maisha, hula kwa mama ntilie asubuhi na jioni na kusifiwa kwamba sasa anajitegemea, ingawa alichofanya ni kuhamisha utegemezi wake kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine.

Hoja kwamba jiko ni la mwanamke kwa maumbile haina mashiko katika historia ya Tanzania. Wakati wa ukoloni, watumishi wengi wa majumbani mwa Wazungu walikuwa wanaume, wapishi na "maboi", jina la kudhalilisha walilobandikwa watu wazima wenye familia zao, na ndio waliopika, waliofua na kupiga pasi. Hata leo dobi, fundi cherehani na mkaanga chipsi wa mtaani mara nyingi ni mwanamume, wala hakuna mpita njia anayeshangaa. Kazi inayodhaniwa kumshusha mvulana nyumbani kwao humpa riziki na heshima pale inapolipwa; kwa hiyo kinachoigawa si mwili bali ujira, na anayezoeshwa kuifanya bure ni msichana.

Sheria nayo ilikwenda sambamba na desturi hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati umri wa mvulana uliwekwa kuwa miaka 18, kana kwamba anayejua kupika na kulea amekwisha kukomaa. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Mahakama, hata hivyo, haiwezi kupanga zamu ya kuosha vyombo. Hilo ni la wazazi, kama lilivyo la kumtuma binti sokoni na kumwachia mwenyewe hesabu ya alichouza. Baba anayehofu kwamba mwanawe wa kiume atalegea kwa kushika mwiko angehofu zaidi siku ambayo mwana huyo, akiwa mgane mwenye watoto wadogo, atasimama mbele ya jiko asijue uji unaanzwa na maji au na unga.