Kabla hujauliza "ni kaboni?", uliza "ni saizi yangu?"

Haya wadau, nimerudi. Kimya kilikuwa kirefu, testi zilinibana mpaka nikasahau hata kufua. Leo sina habari za testi wala za foleni ya chakula. Nina jambo linanikera tangu Jumanne usiku, na nisipolisema humu sitalala.

Iko hivi. Jamaa yangu wa chumbani (tumwite Mzee wa Kaboni, mwenyewe atajijua) bumu limeingia, na amepata wazimu wa baiskeli. Kaona baiskeli ya resi ya mtumba, fremu ya kaboni, inauzwa laki tisa. Anasema ni nyepesi, unainyanyua kwa kidole kimoja. Nikamuuliza: saizi ngapi? Akanitazama kama nimemuuliza baba yake anavaa viatu namba ngapi. "Hamsini na sita. Si itatosha tu?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana mimi niliwahi kula wa chuya kwa sentensi hiyohiyo.

Mwaka 2024 nilinunua baiskeli ya alumini kwa shilingi 450,000. Nyekundu, inang'aa, namba 58 kwenye bomba la kiti. Muuzaji akaniambia "utaizoea tu kijana". Nikashusha kiti mpaka mwisho, bado usukani ulikuwa mbali kama deni. Baada ya wiki mbili vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vinakufa ganzi nikifika darasani, na shingo ilikuwa haigeuki. Halafu siku moja, kwenye makutano ya barabara, natokea Mabibo kwenda Mlimani, nikasimama ghafla. Mguu haukufika chini vizuri, bomba la juu likanibana pale msipotaka nipataje, nikadondoka upande wa barabarani. Daladala iliyokuwa nyuma yangu ilifunga breki karibu na kichwa changu. Konda alinitukana matusi ambayo nilistahili. Wiki iliyofuata niliiuza kwa laki tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauweka wazi: ukubwa kwanza, umbo la fremu pili, mali ghafi ya mwisho. Watu wengi tunakwenda kinyume. Tunaanza na kaboni, tunaishia kwa daktari.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu haugharimu kitu zaidi ya futi ya fundi cherehani. Vua viatu, simama mgongo ukutani, weka kitabu katikati ya miguu ukibane juu kabisa kana kwamba ndiyo kiti cha baiskeli, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Huo ndio urefu wa mguu wako wa ndani. Zidisha kwa 0.67, unapata urefu wa bomba la kiti kwa fremu za zamani zenye bomba la juu lililolala sawa na ardhi. Zidisha kwa 0.883, unapata urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli. Hesabu hizi zilienea kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, 1986, 1989 na 1990. Si msahafu, ni pa kuanzia. Mimi mguu wangu ni sentimita 80. Kwa hiyo fremu yangu ni 53.6, yaani 54 hivi. Nilikuwa nimenunua 58! Mzee wa Kaboni nimempima usiku uleule akilalamika: 77. Ina maana fremu yake ni kama 51 au 52. Anataka kununua 56. Mnaona wenyewe.

Sasa msije mkaenda sokoni na namba moja mkadhani mmemaliza. Hapa ndipo umbo la fremu linapoingia. Miaka ya 1990 kampuni ya Giant, kwa mchoro wa Mwingereza Mike Burrows, ilileta fremu ambazo bomba la juu linateremka kuelekea kwenye kiti. Wengi wakafuata. Tangu hapo urefu wa bomba la kiti haukuambii mengi, kwa sababu fremu fupi kiasi hicho inaweza kuwa na usukani ulio mbali vilevile. 54 ya kampuni hii si 54 ya kampuni ile, na "M" ya huku inaweza kuwa "L" ya kule.

Kwenye jedwali la vipimo tafuta vitu viwili: staki na richi. Staki ni kimo, kutoka usawa wa ekseli ya pedeli kwenda juu hadi mdomo wa bomba la mbele linaloshika usukani. Richi ni umbali wa kwenda mbele kati ya hizohizo sehemu mbili. Uzuri wake ni kwamba kiti hakimo kwenye hesabu. Kiti unaweza kukipandisha, kukishusha, kukisogeza. Staki na richi vimeshachomelewa, huvibadilishi. Fremu ya mashindano ina staki fupi na richi ndefu: unalala mbele, upepo unakupita juu. Fremu ya safari ndefu ina staki kubwa na richi fupi kidogo: unakaa wima zaidi, mgongo na shingo vinakushukuru.

Sasa niambieni, mwanafunzi aliyebeba begi lenye kompyuta na chupa ya maji, anayepita matuta kila baada ya hatua chache, analala mbele kumkimbia nani?

Kuna pembe pia. Bomba la mbele kwa baiskeli za resi huwa na pembe ya nyuzi 71 hadi 74 hivi. Likisimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi, unageuka ukifikiria tu. Likilala zaidi, gurudumu linapenda kwenda moja kwa moja na baiskeli inatulia. Wenzetu wafupi, hasa dada zetu, wana tatizo la ziada: fremu ndogo bado inawekewa magurudumu yaleyale makubwa, hivyo ukikata kona kali taratibu ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele. Ndiyo maana waundaji wengi hulaza bomba la mbele kwenye saizi ndogo. Jaribu hilo ukiwa umesimama, kabla hujatoa hela.

Haya, sasa mali ghafi, ambako mabishano ya vijiweni ndiko yaliko. Kuna nne: chuma, alumini, titani na kaboni.

Wengi wanadhani alumini ni ngumu kuliko chuma kwa sababu baiskeli za alumini zinatingisha meno. Kinyume chake. Chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo na kinakaza kupinda karibu mara tatu ya alumini. Alumini ina gramu 2.7, karibu theluthi moja. Titani iko katikati kwa vyote viwili, gramu 4.5. Yaani kwa uzito uleule metali zote tatu zinakaribiana. Siri iko kwenye bomba. Ukiongeza upana wa bomba mara mbili bila kubadili unene wa ukuta wake, uzito unakuwa mara mbili, ila ukakamavu unakuwa mara nane. Ndiyo maana fremu za alumini zina mabomba manene kama mkono wa mtoto, na fremu za chuma zina mabomba membamba. Kinachokutingisha si jina la metali, ni alivyoichora mtu. Na kusema kweli, faraja nyingi inatoka kwenye tairi. Toka tairi la milimita 23 lililojazwa kama jiwe, nenda la 28 au 32 lenye upepo wa wastani, utadhani barabara imewekwa lami mpya. Kwa hiyo angalia kama fremu ina nafasi ya tairi pana. Hilo ni muhimu kwetu kuliko kaboni.

Jambo la pili ni uchovu wa metali. Chuma kikipata misukosuko iliyo chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho, kila msukosuko unaandikwa kwenye daftari. Haimaanishi itavunjika kesho, zimo za alumini zenye miaka 20 zinatembea. Ila mtumba wa alumini ukague kwenye maungio yote, na ukiona ufa usishawishike kuuchomelea, kwa sababu moto unaondoa ugumu iliopewa kiwandani. Chuma kinaungika, lakini msimpelekee fundi wa mageti. Mabomba mazuri ya chuma yana ukuta usiofika milimita moja, atayatoboa. Ubaya wa chuma kwa sisi wa Dar ni kutu. Hewa ya chumvi inakula kutokea ndani. Toa kiti, mwaga mafuta kidogo ndani ya bomba, geuza fremu huku na huku.

Kaboni sasa. Siibezi. LeMond mwaka 1986 alishinda Tour akiwa juu ya fremu ya kaboni, na leo hakuna mshindani mkubwa anayepanda kitu kingine. Ni nyepesi, na nyuzi zake zinapangwa ziwe kakamavu upande huu na laini upande ule, kazi ambayo metali haiwezi. Hata hivyo waliwekewa mpaka: tangu 2000 sheria ya UCI inakataza baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8. Shida ya kaboni ni ya mtumba. Chuma kikipata ajali kinapinda, unaona. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje inakuchekea. Gonga kwa sarafu bomba zima taratibu. Mlio ukibadilika ghafla ukawa wa kufifia pasipo sababu, kuna neno. Angalia mahali kiti kinapobanwa na kwenye shingo ya uma wa mbele. Na uma wa mbele ukikatika kwenye mteremko hupati muda wa kusema "utaizoea tu". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiyo baiskeli ya laki tisa hakuna anayejua imeanguka mara ngapi.

Mzee wa Kaboni anajibu: "Lakini uzito, mwanangu!" Tufanye hesabu. Mimi kilo 62, baiskeli yangu ya chuma kilo 11, jumla 73. Ya kwake inapungua kilo mbili. Hiyo ni chini ya asilimia 3 ya mzigo mzima. Kwenye mlima mkali wa dakika 10, kwa nguvu zilezile, ataniacha sekunde 16 hivi. Kwa mtu wa mashindano sekunde 16 ni dunia nzima. Tuliona wenyewe Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, na Tadej Pogačar akawamaliza kwenye vilima vile. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani kwenye Tour ya 2024, sekunde anazihitaji. Sisi tunawahi kipindi cha saa mbili ambacho mwalimu mwenyewe anafika saa mbili na robo.

Na msinielewe vibaya, sisemi masikini wasitamani vizuri. Nasema tamaa ipimwe na futi. Hela ya bumu si ya kuchezea. Ni mkopo, tutaulipa na ndevu zikiwa na mvi. Laki tisa ikizama kwenye fremu ya mtu mwingine, chakula cha semista nzima kinatoka wapi? Na mkono uliokufa ganzi hauandiki mtihani.

Mimi sasa napanda chuma, fremu 54, ya zamani, rangi imechubuka, nilinunua laki mbili na nusu. Nikisimama nyayo zote mbili zinagusa chini. Nimefika darasani miezi kadhaa bila ganzi, bila matusi ya konda. Hakuna binti aliyewahi kugeuka kuitazama, hilo nakiri.

Jumamosi tunakwenda naye kuiona hiyo kaboni. Nimebeba futi na sarafu ya shilingi mia. Namba zake nimeziandika kwenye kiganja chake kwa peni, 52 na 68, ili muuzaji akianza maneno matamu asome mkono wake kwanza.

Naomba kutoa hoja.