WEWE UNAYEBANA MAJINA YA TOVUTI, JENGA AU ACHIA!

Leo sina umbea wa nani kamwagana na nani. Leo naongea na vijana fulani wa mjini hapa wanaojiita wawekezaji wa domeni.

Kazi yao ndo hii: wakisikia msanii kaanza kutoka, usiku huohuo wanawahi jina lake la dot com, wanaliacha tupu na bango la "Jina hili linauzwa". Halafu wanasubiri simu. Kuna dada mmoja wa Bongo Fleva, simtaji, alitajiwa milioni 5 kwa jina alilopewa na mama yake mzazi. Alicheka tu, akaendelea na Instagram yake. Jamaa mpaka leo analipia kila mwaka jina ambalo mteja wake pekee duniani hana shida nalo.

Hivi nani kawadanganya? Mtaniambia Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Kweli iliuzwa. Lakini hilo ni neno ambalo kampuni yoyote duniani inaweza kulitaka. Jina la msanii lina mteja mmoja, na huyo mmoja anaweza kulichukua bila kukulipa. Julia Roberts alishinda juliaroberts.com mwaka 2000 kupitia WIPO kule Geneva, na aliyekuwa nalo alishalipeleka mnadani eBay. Mwaka huohuo Madonna naye akashinda la kwake. Yule aliyekuwa na la Madonna alikuwa hadi na tovuti ndani, tena ya picha za kikubwa, na haikumsaidia. Kwa hiyo msiseme mtaweka picha mbili za msanii ili muwe salama. Jina la mtu ni la mtu, mrudishieni.

Sasa nyie wenye majina ya maneno ya kawaida, msijichekee. Una majina 40, kila moja tuseme dola 12 kwa mwaka. Hizo ni dola 480 kila mwaka, za nini? Siku hizi watu hawaandiki jina na kubahatisha, wanatafuta Google, na Google haina habari na ukurasa mtupu. Vimatangazo mnavyobandika hapo vinaleta senti, havifikii hata hela ya kulipia jina lenyewe.

Chukua mfano una jina lenye maneno kumbi na harusi. Kamati ngapi mjini hapa zinahangaika kila wiki na ukumbi? Zunguka Sinza, Tabata, Mbagala. Andika kila ukumbi unaingiza watu wangapi, bei ya Jumamosi na ya siku za kati, jenereta ipo au haipo, parking inatosha magari mangapi, chakula unaruhusiwa kuja nacho au lazima ununue kwao. Weka picha ulizopiga mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati akishaipata hiyo, link inaingia kwenye magroup yote ya WhatsApp. Ndo hapo mpambaji, MC na mpiga picha wanakuja wenyewe kutaka kutangaza. Siku ukitaka kuuza, unauza watu wanaoingia na hela inayoingia. Hapo bei unapanga wewe.

Msinipe kisingizio cha gharama. WordPress ni bure, kuihifadhi tovuti ndogo hakukufilisi. Kinachowashinda ni kutembea juani na kuuliza maswali. Mnataka kitonga!

Jina tupu ni kama kiwanja chenye majani: unalipia, jirani anatupa taka, nawe unaenda baa kujiita tajiri. Chagua mawili unayoyaweza, jenga. Mengine yaache muda wake uishe, wenye kazi nayo wayachukue.

Povu ruksa hapo chini. Ila kabla hujaanza kutukana, taja tovuti moja tu uliyoijenga.