Gunia Lisilopimwa ni Mtaji Ulio Hatarini

KATIKA soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mnunuzi hutazama rangi ya mahindi, huuma punje kujua ukavu, kisha hupatana bei na dalali. Sumukuvu haionekani kwa jicho wala haijulikani kwa jino.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumu hiyo na 20 kati yao walifariki dunia. Hao walikula kiasi kikubwa. Kiasi kidogo kikiliwa kwa miaka mingi huleta saratani ya ini.

Wapo wafanyabiashara wanaodhani habari ya saratani ni kisingizio cha kutubania soko. Ushahidi unasema vinginevyo. Sumukuvu huwa na makali pale vimeng'enya vya ini vinapoibadilisha. Hapo ndipo huharibu vinasaba. Seli za maabara zisizo na vimeng'enya hivyo zaweza kuipitisha kama kitu salama. Kwa sababu hiyo, mwaka 1991 watafiti wa Marekani walitangaza seli za damu ya binadamu zilizopewa jina la MCL-5, zilizopandikizwa vinasaba vitano ili zibadilishe kemikali kama ini lifanyavyo. Kemikali hutiwa humo, kisha huhesabiwa seli ambazo vinasaba vyake vimeharibika. Sumukuvu aina ya B1 ilinaswa. Hizo zilikuwa seli za binadamu, si za panya.

Hata hivyo, kipimo cha seli hueleza sumu ni ya namna gani. Hakielezi gunia lako lina kiasi gani. Kazi hiyo ni yetu sokoni.

Gharama ya kuikwepa tumeiona. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na lori barabarani bila cheti alibaki na mzigo na deni.

Kwa maoni yetu, upimaji uanzie Kibaigwa, kabla fedha haijatoka mfukoni. Sampuli ichukuliwe kwenye magunia mengi, kwa kuwa sumu haisambai sawasawa. Gunia moja laweza kuwa safi na la jirani likawa bovu. Mzigo uliopimwa upewe bei yake. Mkulima aliyeanika kwenye turubai akilipwa sawa na aliyeanika chini, mwakani naye ataanika chini.

Mwenye mtaji mdogo asidharau nafasi hii. Turubai, mashine ya kukaushia, mifuko isiyopitisha hewa na huduma ya kupima ni biashara zinazohitajika pale pale mahindi yanaponunuliwa. Wateja wa kwanza ni wanunuzi wenyewe, ambao mzigo ukikataliwa mpakani hasara ni yao peke yao.